Wimbo wa Honi na Kinanda cha Kanisani

Mimi nina ugonjwa mmoja: nikiona kitu kina skrubu, mikono inaniwasha. Marehemu mama alikuwa akisikia natoka shule anaficha redio chini ya kitanda. Leo nina kibanda changu Lushoto mjini, natengeneza redio, simu na spika, na ugonjwa ule ule ndio unaonilisha. Nausema mapema usije ukashangaa mbele, maana katika habari hii umefanya jema moja na baya moja, na yote mawili yalimwangukia dada yangu.

Bendi yetu ina watu wanne. Dada anaimba, mimi napiga besi. Solo linapigwa na mpasua mbao mmoja wa Shume, mtu wa maneno machache mwenye vidole vinene kama karoti, na mpaka leo sielewi vidole vile vinapitaje kwenye nyuzi. Dramu anazipiga mwalimu wa sekondari kutoka Tanga, Mwislamu, aliyehamishiwa huku akafika akitetemeka kwa baridi, akanunua koti, akabaki. Jina la bendi silitaji, tumelibadilisha mara tatu na kila jina lina mtu aliyeninunia. Tunapiga roki. Ndiyo, roki, huku huku milimani, na usicheke.

Ila tuna kilema ambacho bendi za mjini hazina. Watatu kati yetu tumelelewa na kwaya. Kanisa letu ni dogo, liko juu kidogo ya Mlalo, na ndani yake mna kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilicholetwa na wamisionari enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Sisi hatujui kutunga wimbo bila kuuandika kwanza kwa do re mi kwenye karatasi ya manila, sauti ya kwanza mpaka ya nne, halafu tukaibandika ukutani. Hata gitaa la solo tunaliandikia sauti ya pili. Siku mwalimu anajiunga aliitazama ile karatasi, akaitazama amplifaya yangu, akasema, "Aisee mghoshi, hii ni kwaya iliyopigwa shoti."

Mazoezi yalikuwa pale pale kanisani, Jumamosi saa nane mchana, akina mama wakishamaliza kufagia. Mwalimu kwanza aliona haya kuingiza dramu kanisani, mchungaji akamwambia ingia mwanangu, bora kelele zenu kuliko popo. Na kila mara tulianza vivyo hivyo: mmoja anakanyaga kinanda, tunachukua do, tunafuatisha magitaa. Hatukuwahi kujiuliza kama kinanda chenyewe kiko sawa. Tungejiulizaje? Kinanda ndicho kilichotufundisha sawa ni nini.

Wimbo aliuleta dada. Yeye anauza mboga, anajaza magunia ya karoti na viazi, na mumewe ndiye dereva wa Fuso linaloyashusha Mombo. Nyumba yao iko mahali ambapo unasikia magari yakipanda kona moja baada ya nyingine, na kila dereva ana honi yake. Dada anasema honi ya shemeji anaijua hata akiwa amelala. Siku moja, akiwa anaosha karoti mtoni, maneno yakamjia: ukifika kona ya mwisho piga honi, nijue ni wewe. Akaja nayo mazoezini yameandikwa nyuma ya boksi la sabuni.

Mpasua mbao akayasoma, akavuta pumzi, akatoa hotuba yake ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Hii siyo roki. Hii ni pop. Roki haina karoti."

"Na wewe una mke?" dada akamuuliza.

"Sina."

"Basi nyamaza. Siku ukimpata utajua honi ni nini."

Mwalimu alicheka mpaka fimbo ya dramu ikamdondoka. Wimbo ukapita.

Kilichonisumbua mimi ni honi yenyewe. Nilitaka kujua inaimba nini hasa. Nikaenda nikakaa kwenye jiwe barabarani asubuhi nzima na simu yangu, narekodi honi za malori, watu wanapita wananiuliza kama nimeajiriwa na trafiki. Shemeji alipotokea akaniona, akapiga kwa mbwembwe: mbili fupi, kisha moja ndefu inayoruka juu. Nikairudia na kuirudia, nikaiandika: so, so, mi ya juu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kiitikio chetu tukakijenga hapo. "Piga" inabanwa kwenye so ya kwanza, "ho" kwenye ya pili, na ile "ni" ya mwisho inaruka mpaka mi ya juu na kukaa huko mapigo manne. Dada aliipanda ile noti bila hata kukunja uso. Jumamosi baada ya Jumamosi, hakuikosa hata siku moja.

Sasa niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Dada alikuwa na rovu. Huku kwetu rovu si ajabu, na lake lilikuwepo shingoni miaka mingi, analifunga kitambaa, maisha yanaendelea. Ila mwaka ule lilianza kumbana akipanda mlima. Daktari wa hospitali kubwa akasema linagandamiza koo, likatwe. Akamweleza na lingine, kwa utaratibu kabisa: nyuma ya hapo unapita mshipa wa sauti, mwembamba kama uzi. Wengi wanaamka salama, sauti yao ile ile. Wengine wanaamka na sauti nyingine.

Dada yangu hakuogopa kisu. Aliogopa kuamka na koo la mtu mwingine. Yeye ameimba sauti ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa, mama alipofariki alinilea kwa kuimba, na sijui angekuwa nani bila kuimba. Akatuita, akasema, "Wimbo huu naurekodi kabla sijalala kwenye ile meza. Baada ya hapo, Mungu anajua." Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Tukaenda studio Jumatatu. Studio ni chumba kimoja pale Lushoto mjini, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na mtayarishaji wake alikuwa zamani mshereheshaji wa harusi, kwa hiyo hata akikuomba usogeze kiti utadhani anamtangaza bibi harusi. Tulipoanza, akaweka kinanda chake cha kompyuta juu ya magitaa yetu. Lo! Ilikuwa kama paka wawili wanagombea dirisha.

"Kaka zangu," akasema, "magitaa yenu yamelewa."

Tukajitetea: tumeyafuatisha juzi tu, kanisani! Akatuonyesha mashine yake, akatupa do yake, tukakaza nyuzi zote upya. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki amestarehe, dramu hazina do. Kisha dada akaingia, akavaa hedfoni, akaimba beti la kwanza vizuri sana. Likaja kiitikio. "Piga ho..." ile "ni" ikapasuka.

Akakohoa, akacheka kidogo, akarudia. Ikapasuka. Akanywa maji ya moto, akafungua kitambaa shingoni, akarudia. Mara ya saba hakuna aliyekuwa anamwangalia, sote tunatazama sakafu. Akavua hedfoni, akaziweka juu ya kiti taratibu.

"Imeshaondoka," akasema. "Haikusubiri hata kisu."

Nilitaka kulia. Badala ya kulia nikakasirika, nikaugombeza waya wa maiki, nikamgombeza mtayarishaji, nikamgombeza na mpasua mbao ambaye hakuwa amesema chochote. Tukatoka kila mtu na njia yake. Kibandani sikuweza kufanya kazi. Kitu kilikuwa kinanitekenya kichwani, na hakikuwa huzuni. Jumamosi aliipata ile noti mara sita. Jumatatu mara saba hakuipata. Rovu halikui kwa siku mbili! Kwa hiyo kilichobadilika si shingo. Ni nini kilichobadilika?

Jumanne asubuhi nikafunga kibanda, nikapanda kanisani na simu yangu, ambayo ina programu ya kupimia noti. Nikakanyaga kinanda, nikabonyeza noti ya la. Mshale ukalala kushoto. Nikabonyeza do, ukalala kushoto. Nikazipitia noti zote, moja moja, nusu saa nzima, na kila mshale unalala kushoto kama umechoka. Kinanda chote kilikuwa kimeshuka karibu nusu noti, kwa miaka yote hiyo, polepole, na sisi sote tumeshuka nacho. Kwaya, wazee, harusi, mazishi, sote tumezaliwa na kukua chini kidogo ya watu wengine na hatukujua! Nilicheka peke yangu mle kanisani mpaka popo wakahama.

Nusu noti ni kitu kidogo. Lakini kwa mtu anayening'inia kwenye noti yake ya mwisho, na rovu linambana, nusu noti ni ukuta.

Nilimkimbilia dada sokoni. Nilivyomweleza alinitazama kama ninayemuuzia dawa ya kuotesha nywele. Kesho yake tukarudi studio, nikamwambia mtayarishaji ashushe mashine yake ilingane na kinanda chetu.

"Kaka, dunia nzima inapiga hapa," akasema, akigonga meza.

"Dunia nzima haiimbi wimbo huu," nikamjibu. "Shusha."

Akashusha, ananung'unika. Tukalegeza nyuzi. Dada akavaa hedfoni, akafumba macho, na ile "ni" ikatoka nyeupe, mara ya kwanza tu, akakaa huko juu mapigo sita badala ya manne kwa sababu ya furaha. Mtayarishaji akapiga makofi peke yake, kama harusini. Mpasua mbao akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Haya," akasema, "ni roki."

Jioni ya kuamkia safari ya hospitali tulikaa nyumbani kwake, tukausikiliza wimbo kwenye simu yangu, na shemeji akaomba urudiwe kila ulipoisha. Dada akasema, na aliyasema mbele yangu, nami nikasikia kwa masikio yangu haya mawili: "Nikirudi, siku daktari akiniruhusu kuimba, nitasimama pale kwenye kinanda cha kanisani niitafute ile noti. Nikiipata, naendelea. Nisipoipata, nakwenda kukaa benchi la nyuma na bibi zetu, na asinibembeleze mtu." Shemeji akamwambia usiseme hivyo. Mimi niliitikia tu kwa kichwa.

Sasa jambo baya. Nilikuwa nimejisifu kote kwamba nimegundua kinanda kimeshuka. Habari zikamfika mchungaji, akanipigia simu. Nikamwamkia, shikamoo mchungaji, akaitikia na kusema, "Kumbe fundi tunaye wenyewe! Hebu tusaidie, mwanangu." Kinanda cha wamisionari, kina skrubu arobaini na mbili. Ungeniambia nini mimi?

Nilikifungua. Mna vumbi la enzi zote, kiota cha nyigu, kifungo cha koti, pipi iliyokuwa na nywele. Na chini kabisa, safu za vilimi vya shaba, kila noti na kilimi chake, vinatetemeka ukivipuliza. Nilivipenda mno. Nikavipiga mswaki kimoja kimoja, vikapanda kidogo. Haikutosha, nikachukua tupa nyembamba, nikakwangua ncha ya kila kilimi mpaka mshale usimame katikati. Jumamosi nne nilikuwa mle, na kila wiki namtembelea dada wodini, na baadaye nyumbani, na simwambii, nataka iwe ajabu yake akirudi. Wanakwaya walianza kulalamika kwamba nyimbo zimeota mlima. Nikawaambia zoeeni. Mtu mwenye bisibisi mkononi huwa hasikii, na mimi sikusikia chochote, hata kichwani mwangu.

Daktari akamruhusu. Jumamosi mchana dada akaniita mimi peke yangu kanisani. Shingo yake imebaki na mstari mwembamba kama alama ya mkufu. Sauti ya kuzungumza ilikuwa na mikwaruzo, kama mtu mwenye mafua, lakini ilikuwa yake. Alibandika ile manila ukutani mwenyewe.

"Wewe kanyaga tu," akasema. "Na usinitazame."

Nikakanyaga. Nikampa do, ile do yangu mpya iliyonyooka, na wallahi hata hapo sikushtuka. Akaimba beti. Sauti ilitembea kwa tahadhari, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akafika kwenye kiitikio, akapanda, ikakatika. Akangoja. Akapanda tena, ikafika karibu kabisa, ikakatika. Mara ya tatu hata sikuisikia, niliusikia upepo tu. Akabandua manila, akaikunja mara mbili, akaikunja tena.

"Basi," akasema. "Namshukuru Mungu kwa miaka yote ile."

Hapo ndipo ikanijia. Mikono yangu ilikuwa bado juu ya kinanda. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, si utotoni wala ukubwani.

"Dada, usikunje. Kinanda nimekipandisha."

"Umekifanyaje?"

"Nimekitengeneza. Nimekipandisha kilingane na cha studio. Kile kilichokupasua Jumatatu ile, ndicho hiki."

Alikitazama kinanda, akaitazama manila mkononi. Kisha, mama wee! "Nilikwambia nitajipima hapa! Nilikwambia mbele ya mume wangu! Na wewe ukaenda ukachezea mzani! Siku zote hizi nalala naota hii noti, kumbe mwenzangu uko huku na tupa! Wewe una akili za wapi?" Akanichapa na ile manila begani, mara mbili, na mimi sikuinua mkono, nilistahili.

Alipomaliza pumzi nikatoa simu. Nilimwambia: dada, do ya zamani ipo. Haipo kwenye kinanda tena, ila ipo humu, tuliirekodi. Nikautafuta wimbo wetu.

"Sitaki kumsikia huyo," akasema. Alimaanisha yeye mwenyewe, yule wa zamani.

"Msikilize tu. Usiimbe kama hutaki."

Nikaiweka simu juu ya kinanda, nikabonyeza. Ikaanza besi yangu, dramu za mwalimu, gitaa la Shume likikoroma kwa adabu sauti ya pili. Kisha sauti yake, nyeupe, ndogo ndani ya simu. Dada alisimama amenigeuzia mgongo. Beti la kwanza likapita lote. Kwenye kiitikio cha kwanza niliona mabega yake yakipanda, lakini hakutoa sauti. Beti la pili akaanza kunong'ona. Kiitikio cha pili kikaja, piga ho, na wakapanda wote wawili, yule wa kwenye simu aliye laini na huyu mwenye mikwaruzo, wakafika, wakasimama pamoja juu pale. Kwenye kile kiitikio cha pili yule wa kwenye simu aliishia mapigo manne, kama karatasi inavyosema. Dada aliendelea kuishika ile noti peke yake mpaka pumzi ikamwisha.

Akakaa kwenye benchi la kwanza akalia, nami nikalia, hatukufichana. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho bila mtu kuusikiliza. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga, akanitazama kwa yale macho aliyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimefungua redio ya watu.

"Kirudishe," akasema.

Vilimi vikishakwanguliwa havikwanguliki kurudi. Lakini tone la risasi, yale matone tunayounganishia nyaya, ukiliweka kwenye ncha, kilimi kinakuwa kizito na kushuka. Kwa hiyo kila Jumamosi niko pale na kifaa changu cha kuchomea, tone moja, napima, nakwaruza kidogo, napima. Nimefika nusu. Juzi mchungaji aliingia, akachungulia begani kwangu, akaona mshale wa simu umelala kushoto kama zamani.

"Mwanangu," akasema, "si ulisema hapo katikati ndipo penye sawa?"

Nikamwambia nilikosea kupima.